Omena ya ziwani yarutubisha Kiambu, mashamba ya Kisegi yabaki na njaa

KILA gunia la omena linalopakiwa katika fukwe za Homa Bay na Migori huondoka na naitrojeni na fosforasi ambazo mashamba ya kaunti hizo yanazihitaji mno.

Sehemu kubwa ya samaki hao wadogo haiishii sufuriani. Husagwa na kuchanganywa katika chakula cha mifugo kinachotengenezwa katika miji kama Nairobi, Thika na Nakuru, kisha hulishwa kuku wanaofugwa kwa maelfu Kiambu na viunga vyake. Mwili wa kuku hutwaa sehemu tu ya virutubisho hivyo. Vinavyosalia hutoka katika kinyesi, ambacho huuzwa kwa magunia kwa wakulima wa mboga na kahawa.

Hapo ndipo tofauti ya maeneo inapoanzia. Mkulima wa Kisegi, katika upande wa Suba, si mvivu wala mjinga kuliko mwenzake wa Kiambu. Kinachowatenganisha ni namna kuku wanavyofugwa, udongo na hali ya hewa.

Kiambu, kuku wa mayai na wa nyama hufungiwa bandani mchana na usiku, wakakanyaga maranda ambayo huzolewa kwa mkupuo. Mkulima hupata mbolea nyingi mahali pamoja, ingawa maranda hayo huipunguza nguvu na huhitaji muda yaoze. Isitoshe, hung'ang'ania mbolea hiyo na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao baadhi yao huichanganya katika malisho, desturi yenye hatari kwa afya ya mifugo.

Kisegi, kuku wa kienyeji hushinda nje wakijitafutia chakula. Kinyesi cha mchana hutapakaa uani na vichakani. Kinachoweza kukusanywa ni kile cha usiku pekee.

Kuku wa mayai hutoa takriban gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku, robo tatu yake ikiwa maji. Kuku wa kienyeji ni mdogo zaidi. Ikikadiriwa kwamba kila mmoja huacha gramu 10 za kinyesi kikavu kwa usiku, boma lenye kuku 20 hupata kilo 70 hivi kwa mwaka.

Kinyesi kikavu huwa na naitrojeni ya asilimia tatu hivi, takriban maradufu ya samadi ya ng'ombe. Kwa hivyo, kilo hizo 70 zina naitrojeni ya kilo mbili, ilhali mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una kilo tisa. Mkulima anayeambiwa amwage tani kadhaa kwa ekari, kama ifanywavyo nyanda za juu, hukata tamaa kabla ya kuanza.

Hata hivyo, kiasi hicho kidogo si cha kupuuzwa. Kwa kipimo cha nusu kilo kwa kila mita mraba, hutosha bustani ya sukuma wiki ya mita 10 kwa 14. Vilevile chaweza kutiwa konzi moja moja katika mashimo ya kupandia, kikachanganywa na udongo ili kisiguse mbegu.

Udongo nao una masharti yake. Sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya zina ardhi yenye tindikali, hali iliyozidishwa na matumizi ya DAP ya miaka mingi. Kinyesi cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu inayosaidia kupunguza tindikali hiyo. Aidha, gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo, hustawi katika ardhi iliyopungukiwa na naitrojeni, hivyo kila hatua ya kurutubisha shamba hulidhoofisha.

Joto la pwani ya ziwa ni adui mwingine. Kinyesi kikiachwa juani, naitrojeni hupaa angani ikiwa amonia, na ile harufu kali ndiyo dalili ya hasara hiyo. Wanaonyunyiza majivu bandani ili kuua viroboto huiharakisha hasara hiyo bila kujua. Yafaa majivu yapelekwe shambani peke yake, na kinyesi kirundikwe kivulini pamoja na majani makavu, kifunikwe na kugeuzwa mara kwa mara kwa majuma manane hivi.

Kikitumiwa kibichi wakati mvua ni haba, huunguza mizizi. Pia chaweza kubeba vijidudu vya maradhi, kwa hivyo hakifai kuwekwa kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Katika miteremko ya Gwassi, kisipofukiwa husombwa na mvua hadi ziwani, kikalisha gugu maji.

Kule Kilifi na Kwale, kwenye udongo wa kichanga, shida ni nyingine: virutubisho huzama upesi kupita mizizi. Huko ni heri kuweka kidogo kidogo mara kadhaa kuliko kumwaga chote siku ya kupanda.

Suala hili lagusa mfuko wa mkulima moja kwa moja. Mnamo 2022 bei ya mbolea ilipita Sh6,000 kwa mfuko wa kilo 50, kabla ya serikali kuuza ya ruzuku kwa Sh3,500 na baadaye, 2023, kwa Sh2,500. Mwaka wa 2024 ikabainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango huo haikufikia viwango.

Kwa jamaa wa Kisegi, mbolea ya kuku haiwezi kuchukua nafasi ya mfuko huo shambani kote. Yaweza, lakini, kulisha bustani ya mboga na mashina ya migomba, ili pesa chache zilizopo zielekezwe kwenye mahindi. Kinachohitajika kwanza ni banda la usiku lenye sakafu inayofagilika, kwani kuku wanaolala juu ya miti humwachia mwenye boma mayai na nyama tu.