Wamakonde wa Kwale Walikaa Miaka Mingi Bila Kitambulisho

Je, unataka kwenda kufanya kazi nchi nyingine? Au mwanao anataka kwenda? Soma kwanza habari hii.

Kwale iko pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1930 Waingereza walitawala huko. Mashamba ya mkonge yalihitaji vibarua. Wamakonde wakatoka Msumbiji kwenda kufanya kazi hiyo. Wengine walifuata baadaye, wakikimbia vita vya kudai uhuru wa Msumbiji.

Kazi ya mkonge si mchezo. Jani lina mwiba mkali kwenye ncha, na jua halina huruma. Wamakonde waliikata mikonge hiyo. Wengine walichonga vinyago vya mpingo. Walioa, wakazaa, wakazeeka huko huko.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Je, watu hawa walikuwa raia? Hapana. Mtu aliyezaliwa Kenya, lakini baba na mama yake walizaliwa nje, hakuwa raia papo hapo. Alitakiwa kujiandikisha. Muda wa kujiandikisha ulikuwa miaka 2 tu. Muda ukapita. Wajukuu nao wakazaliwa bila kuwa raia.

Usidhani kitambulisho ni karatasi tu. Bila hicho hufungui akaunti benki. Hupati hati ya shamba. Ukiomba leseni ya kuvua samaki, unaulizwa kitambulisho. Kijana amesoma, lakini kazi haipati. Polisi akikusimamisha njiani, wewe ni mgeni, hata kama babu yako alizikwa pale pale.

Mwezi Oktoba 2016 Wamakonde walichoka kungoja. Walifunga safari kutoka Kwale mpaka Nairobi. Huko walionana na Rais Uhuru Kenyatta. Rais aliwaomba radhi, akaagiza wapewe vitambulisho mwaka ule ule. Mwaka 2017 serikali iliwatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Toka 1963 mpaka 2016 ni miaka mingapi? Hesabu mwenyewe.

Basi, ukienda ugenini, uliza mapema: mtoto wangu akizaliwa huku atakuwa raia wa wapi? Katika nchi nyingi kuzaliwa pale tu hakutoshi. Mwandikishe mtoto hospitali au ofisi ya serikali. Kisha nenda ubalozi wa nchi yako ukaulize. Cheti chake cha kuzaliwa kifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Kitundike juu, mbali na mvua na mchwa.