Nyungu ya Kilosa na Mikumi: Mvuke Unafanya Nini Mwilini?

Ukipiga simu Kilosa au Mikumi, Tanzania, ukaambiwa mama anaumwa, mara nyingi utasikia pia kwamba ameshapiga nyungu, yaani amejifukiza kwa mvuke wa majani. Sisi tulio mbali huitikia tu "haya, apone haraka". Tuujue undani wake, kwa sababu neno letu lina uzito nyumbani.

Majani ya mkaratusi, mchaichai, mlimao au mwarobaini huchemshwa. Mgonjwa hukaa kwenye kigoda, chungu kikiwa mbele yake, akafunikwa blanketi gubigubi, kisha anafunua mfuniko kidogo kidogo. Desturi hii ni ya zamani, ila mwaka 2020, wakati wa korona, Rais Magufuli alipohimiza watu wajifukize, ilizungumzwa nchi nzima.

Nafuu yake ni ya kweli. Ngozi ikipata joto, mishipa ya damu hutanuka, moyo huenda mbio, jasho humwagika. Misuli hulegea na pua iliyoziba huweza kufunguka kwa muda. Kule Kuopio, Finland, watafiti waliwafuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20. Walioingia sauna, yaani chumba cha joto la kutoa jasho, mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara moja kwa wiki. Lakini wale hawakuwa wagonjwa wa homa, na hewa ya sauna ni kavu kiasi. Chini ya blanketi kuna unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili unakosa njia ya kujipoza.

Hapo ndipo hatari ilipo, maana Kilosa kuna malaria. Mwenye homa ya nyuzi 39 akifunikwa, joto linazidi kupanda. Akitoka, upepo ukakausha jasho, anajisikia mwepesi na nyumba nzima inashukuru. Kumbe vimelea vya malaria bado vimo ndani ya chembe nyekundu za damu, mahali ambapo mvuke haufiki. Mtoto mdogo anaweza kuzidiwa haraka huku watu wakisubiri nyungu ya pili.

Kuna pia kuungua. Chungu kikipinduka chini ya blanketi, mtoto hana pa kukimbilia. Wajawazito na wenye matatizo ya moyo au presha wasijifukize bila kumuuliza daktari.

Tiba asili inatambuliwa na sheria ya Tanzania tangu mwaka 2002, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwabeza wazee wetu. Tuulize swali moja kabla ya yote: amepimwa? Zahanati zina kipimo cha haraka cha malaria; tone la damu ya kidoleni hutoa jibu ndani ya nusu saa, na malaria ikionekana ipo dawa mseto. Nauli ya bodaboda kwenda zahanati tuitume siku hiyohiyo. Nyungu ya mafua ipigwe baadaye, homa ikishatulia, mgonjwa akiwa amekunywa maji ya kutosha na mtu mzima yupo pembeni.