Kushuka Santorini bila Kundi: Hesabu ya Muda, Nauli na Haki za Abiria wa Meli ya Kitalii

Abiria anayenunua safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Aegean hununua mambo mawili kwa bei moja: makazi na chakula melini, na saa chache za nchi kavu katika kila kituo. La kwanza huelezwa kwa kirefu katika mkataba. La pili hukaa katika mstari mmoja wa ratiba, kwa mfano: Santorini, 08:00 hadi 18:00. Mstari huo huonekana kuahidi saa 10. Kwa kweli, msafiri anayejitembeza mwenyewe hubaki na saa tatu au nne tu za kukaa mahali alipokusudia kufika.

Kushuka bila kundi ni haki ya abiria, na mara nyingi ni nafuu kuliko kununua ziara inayouzwa melini. Hata hivyo, tofauti kati ya njia hizi mbili haiko kwenye bei pekee. Ziara ya meli ikichelewa, kwa desturi meli huisubiri, kwa kuwa mwenye ziara ndiye mwenye meli. Msafiri wa kujitegemea akichelewa, meli hung'oa nanga. Kwa hiyo anayeokoa fedha kwa kujitembeza huwa amejitwika dhamana ya muda, na yampasa aibebe kwa hesabu, si kwa bahati. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo.

1. Umbo la kisiwa

Santorini ni ukingo wa volkano iliyolipuka na kuzama katika kale. Katikati yake pana bahari yenye kina kirefu mno, na juu ya bahari hiyo umesimama ukuta wa mwamba. Mji mkuu, Fira, umejengwa kileleni mwa ukuta huo, zaidi ya mita 200 kutoka majini.

Msafiri aliyezoea bandari ya Mombasa, ambako meli hufunga gatini na abiria wakashuka kwa ngazi, atakuta hali nyingine hapa. Meli kubwa hazifungi gati. Husimama katikati ya maji, na abiria huhamishwa kwa boti ndogo hadi Bandari ya Kale iliyo chini ya Fira. Boti hizo huwa sehemu ya huduma ya safari. Kutoka Bandari ya Kale hadi mjini, msafiri hujilipia mwenyewe.

Iko bandari ya pili, Athinios, upande wa kusini wa Fira, ambako feri hutia nanga na barabara ya magari hufika. Mara nyingi abiria wa ziara za meli hupelekwa huko, wakapandishwa basi. Wasafiri wa kujitegemea hushushwa Bandari ya Kale, ambayo haina barabara ya magari ya kupanda mjini.

2. Mambo ya kuthibitisha kabla ya kushuka

Viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji viza ya Schengen ili kuingia Ugiriki. Ratiba nyingi za Aegean hupita pia Kuşadası, nchini Uturuki, ambayo haimo katika eneo la Schengen. Meli ikitoka Ugiriki, ikaenda Uturuki na kurejea Ugiriki, abiria huhesabiwa kuwa ametoka na kuingia upya. Viza ya kuingia mara moja haitoshi kwa safari ya namna hiyo. Soma ratiba yote kabla ya kuomba viza, wala usitosheke na jina la bandari ya kuanzia.

Ushuru wa kushuka. Tangu Julai 2025, serikali ya Ugiriki hutoza ushuru kwa kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka katika bandari zake. Kwa Santorini na Mykonos ushuru huo uliwekwa kuwa euro 20 kuanzia Juni hadi Septemba, euro 12 katika miezi ya Aprili, Mei na Oktoba, na euro 4 katika miezi iliyosalia. Hukusanywa kupitia kampuni ya meli. Uliza kwa maandishi iwapo umejumuishwa katika bei uliyolipa au utaongezwa kwenye hesabu yako ya melini, usije ukashtukia deni siku ya mwisho.

Saa. Wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa na ya Nairobi na Dar es Salaam. Wakati wa baridi huwa nyuma kwa saa moja. Lakini baadhi ya meli hushika saa yao wenyewe hata zinapokuwa bandarini, ilhali simu hujigeuza kufuata saa ya nchi. Kabla ya kushuka, linganisha saa yako na saa ya meli, kisha andika muda wa mwisho wa kurejea kwa namna zote mbili: 17:30, yaani saa kumi na moja na nusu jioni. Wengi wetu husoma saa kwa hesabu ya Kiswahili na ratiba kwa hesabu ya Kizungu, na makosa huzaliwa katikati ya hizo mbili.

Kufutwa kwa kituo. Upepo ukiwa mkali, boti ndogo haziwezi kufanya kazi, na mikataba mingi humpa nahodha mamlaka ya kuruka kituo. Ikiwa umemlipa mapema mwenye gari au kiongozi wa watalii kisiwani, mkataba wenu ni wa peke yake wala hauihusu kampuni ya meli. Mchague yule anayeandika wazi kwamba atarejesha fedha endapo meli haitatia nanga.

3. Njia tatu za kupanda mwamba

Ya kwanza ni gari la kebo, yaani vyumba vidogo vinavyovutwa kwa waya. Mwendo wenyewe ni wa dakika chache. Taabu iko kwenye foleni. Upande mmoja huchukua vyumba sita vya watu sita, yaani abiria 36 kwa mkupuo. Meli yenye abiria 3,000 ingehitaji mikupuo zaidi ya 80 kuwapandisha wote, na yawezekana meli nyingine mbili ziko majini asubuhi iyo hiyo. Mamlaka za kisiwa zimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, lakini hata idadi hiyo hailingani na waya mmoja. Asubuhi foleni huwa chini. Alasiri huhamia juu, na siku za msongamano huweza kupita saa nzima.

Ya pili ni ngazi, zipatazo 588. Ni pana na zenye mzunguko, lakini mawe yake yamesuguliwa na miaka, na kinyesi cha wanyama huyafanya yateleze. Kupanda wakati wa jua kali hakumfai mwenye maradhi ya moyo wala magoti. Kushuka huchukua takriban nusu saa kwa mwenye afya na viatu vizuri.

Ya tatu ni punda na baghala. Sheria ya Ugiriki ya mwaka 2018 inakataza mnyama kubebeshwa mzigo unaozidi kilo 100 au sehemu moja ya tano ya uzito wake. Wanyama hawa hutumia ngazi zile zile za waendao kwa miguu. Anayetembea akae upande wa ukuta wanapopita.

Pale bandarini huuzwa pia safari ya boti hadi Ammoudi, chini ya kijiji cha Oia, pamoja na gari la kukupandisha kijijini na basi la kukurudisha Fira. Njia hii hukuepusha na foleni ya asubuhi, ila foleni ya kushuka Fira jioni inabaki pale pale. Kabla ya kulipa, uliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi na kama nafasi yako imehakikishwa.

4. Usafiri ukiwa juu

Mabasi ya umma, yajulikanayo kama KTEL, ndiyo usafiri wa bei nafuu. Njia zote hukutana katika kituo kikuu cha Fira: kwenda Oia upande wa kaskazini, Perissa na Kamari kwenye fukwe, na Akrotiri penye magofu ya mji wa kale uliofukiwa na majivu ya volkano. Kwa kuwa kitovu ni kimoja, anayetaka kutoka Oia kwenda Perissa hurudi kwanza Fira, akabadili basi. Kuunganisha vijiji viwili katika siku moja ya meli ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Nauli hulipwa kwa kondakta ndani ya basi. Uwe na sarafu na noti ndogo.

Teksi ni chache kuliko watu. Kubaliana bei au hakikisha mita imewashwa kabla ya gari kuondoka, na usiitegemee teksi kuwa njia yako ya kuokoa muda jioni.

Pikipiki za magurudumu manne hukodishwa kila mahali, na hapo ndipo wasafiri wengi huingia hasara. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda haitoshi peke yake. Inahitaji kuambatana na hati ya kimataifa ya udereva, ambayo hupatikana nyumbani kabla ya safari. Mwenye duka anaweza kukukodisha bila kuiulizia, lakini bima haitakuwa na upole huo ajali ikitokea. Bima nyingi za safari pia huziondoa pikipiki hizi katika kinga yake. Kumbuka kwamba Ugiriki magari hupita upande wa kulia, kinyume cha Tanzania, Kenya na Uganda. Ukikodi, piga picha kila mkwaruzo mbele ya mwenye chombo, na soma ni kiasi gani cha amana kitazuiwa kwenye kadi yako.

5. Hesabu ya kurudi nyuma

Wasafiri wengi hupanga siku kuanzia asubuhi kwenda mbele. Aliye peke yake apange kuanzia jioni kurudi nyuma, na aanzie muda wa boti ya mwisho, si muda wa meli kuondoka.

Tuchukue meli inayoondoka saa kumi na mbili jioni, boti yake ya mwisho ikiwa saa kumi na moja na nusu. Uwe gatini saa kumi na moja kamili. Ili ufike hapo, ingia foleni ya gari la kebo saa tisa na nusu, maana foleni yaweza kula saa moja na nusu. Basi la Oia hadi Fira huchukua kama nusu saa, lakini huweza kujaa likakuacha. Litengee saa nzima. Basi uwe kituoni Oia saa nane na nusu mchana.

Sasa geukia asubuhi. Meli imefika saa mbili, boti hugawiwa kwa zamu, foleni ya kupanda ipo, na unafika Fira karibu saa nne. Ukipata basi mapema, unakanyaga Oia saa tano. Umebakiwa na saa tatu na nusu. Hizo ndizo ulizonunua, zipangie vizuri. Asiyetaka kubanwa hivyo abaki Fira, ambako mandhari ya bahari ni ile ile na hakuna basi la kusubiri.

Foleni ya kushuka ikikukuta imefura kupita kiasi, ngazi ndizo akiba yako. Ndiyo sababu viatu vya kushikilia jiwe ni muhimu kuliko kofia.

6. Malipo na risiti

Ugiriki imeweka kanuni inayomlinda mlaji: asiyepewa risiti halali hana wajibu wa kulipa, na tangazo lake hubandikwa katika migahawa. Dai risiti kila mara. Samaki mara nyingi huuzwa kwa kilo. Bei iliyoandikwa si ya sahani, hivyo omba apimwe mbele yako kabla ya kupikwa. Mkate unaoletwa bila kuagizwa huweza kutozwa.

7. Ukiachwa na meli

Usitoke nje bila kadi ya meli, nakala ya pasipoti, kadi ya benki, dawa zako, na nambari ya simu ya wakala wa meli bandarini, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku. Ukiona utachelewa, piga simu mapema. Usisubiri hadi meli iondoke.

Ikishaondoka, nenda kwa wakala au ofisi ya mamlaka ya bandari. Ikiwa pasipoti yako ilibaki melini, uliza iwapo imekabidhiwa kwa wakala. Kisha utajigharimia malazi na usafiri hadi kituo kinachofuata, kwa feri kutoka Athinios au kwa ndege kutoka uwanja wa kisiwa. Kama kituo hicho ni Uturuki, utahitaji kibali cha kuingia huko. Kwa dharura yoyote ya usalama au afya, piga 112, nambari inayotumika kote katika Umoja wa Ulaya.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu safari za pamoja humwajibisha mwandaaji kwa huduma zilizomo katika mkataba aliouza. Basi ulilopanda mwenyewe halimo humo. Kwa hiyo kinga yako dhidi ya kuachwa ni bima inayotaja jambo hilo waziwazi, na hesabu uliyoifanya asubuhi.

Mabaharia wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tembea utakavyo, lakini uijue njia ya kurudi, na muda wake, kabla hujapanda boti ya kwanza.