Santuri za Mzee Ziko Stoo? Ziuze Bila Kuchomwa

Uko Membley na santuri za mzee zimejaa vumbi stoo? Usizitupe. Kenyatta Market, Nairobi, Jimmy Rugami ameuza santuri kuukuu miaka mingi, na wateja bado wanakuja. Za Joseph Kamaru au D.O. Misiani zina watu wake.

Wewe anza na simu tu. Piga picha pande zote mbili, andika ni ya inchi 7 au 12, na useme ukweli: ina mikwaruzo? Inaruka? Ifunge kati ya vipande viwili vya katoni.

Tunakuomba jambo moja: SMS ya malipo inaweza kuwa feki. Angalia salio lako kwanza, ndipo upeleke mzigo stejini. Matatu ikishaondoka, hiyo santuri hairudi.