Usinunue baiskeli kwa unene wa tairi pekee

WAKAZI wengi wa Nairobi hununua baiskeli kwa nia njema. Daktari amewaambia kwamba presha imeanza kupanda au sukari imeongezeka mwilini, na kwamba wanahitaji mazoezi. Wiki ya kwanza huiendesha kila asubuhi. Miezi mitatu baadaye baiskeli imeegemezwa ukutani, tairi hazina upepo na nguo zinaanikwa juu yake.

Majirani husema ni uvivu. Lakini si kila mara uvivu ndio chanzo. Huenda mwenyewe alikuwa akirudi nyumbani na maumivu ya kiuno, ganzi ya vidole au goti lililovimba, hadi siku moja akaona matatu ina nafuu. Baiskeli isiyofaa mwili wako na njia yako haiwezi kukupa afya.

Siku hizi baiskeli zenye tairi nene, zile za kupanda milima, zinavutia macho ya wengi. Je, zinafaa kwa mtu anayeishi Kangemi, Kawangware, Riruta, Uthiru au Dagoretti na ambaye kazi yake iko katikati mwa jiji? Jibu ni ndiyo, lakini kwa kiasi.

Njia kwanza, baiskeli baadaye

Kabla ya kuingia dukani, fikiria barabara utakayopita. Anayetoka upande wa magharibi kwenda mjini ana njia kuu chache: Waiyaki Way, Ngong Road, na Naivasha Road inayopita Riruta na Kawangware. Hizi zina lami, lakini pia zina malori, matatu na moshi. Mwendeshaji baiskeli hupumua kwa kasi na kwa kina kuliko aliyeketi ndani ya gari, na moshi wa dizeli anaouvuta humfikia mapafuni. Isitoshe, akigongwa hana bodi ya gari ya kumkinga.

Njia mbadala ni zile za ndani: vichochoro vya mitaani, barabara za changarawe na zile zinazopita kwenye makazi yenye magari machache. Hewa huko ni afadhali na mwendo wa magari ni wa chini. Tatizo ni kwamba zimejaa mashimo, mawe na matuta. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinaponyesha, udongo mwekundu wa Kangemi, Dagoretti na Kikuyu huteleza kama sabuni. Ukishuka kuelekea Karen na Lang'ata unaweza kukutana na udongo mweusi unaoganda kwenye magurudumu hadi yakakataa kuzunguka.

Hapo ndipo tairi pana ina faida. Tairi nyembamba humlazimisha mwenyewe kubaki kwenye lami pamoja na malori. Tairi pana humfungulia njia ya pili, iliyo mbovu kwa gurudumu lakini bora kwa mapafu na usalama wake.

Tairi zilianzia wapi?

Kazi ya tairi ya upepo tangu mwanzo imekuwa kumpunguzia mpandaji mtikisiko. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, aliitengeneza ili baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu isimrusherushe kwenye barabara mbovu. Alipata hataza mwaka wa 1888.

Baiskeli za milimani tunazozijua zilizaliwa katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, ambako vijana walichukua baiskeli kuukuu zenye tairi nene na kuteremka nazo katika mlima Tamalpais. Mwaka wa 1977 Joe Breeze alianza kuunda fremu maalumu kwa kazi hiyo. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki mwaka wa 1996 mjini Atlanta. Zile zenye tairi za inchi 4 hivi zilikuja baadaye, kwa ajili ya theluji ya Alaska na mchanga wa jangwani.

Hapa kwetu, vilima vya Kikuyu ndivyo alivyovitumia David Kinjah kuwafundisha vijana kuendesha baiskeli. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na ambaye alikuja kushinda Tour de France mara nne, yaani 2013, 2015, 2016 na 2017. Kabla ya kujulikana kwa mashindano ya barabarani, alifanya mazoezi na kina Kinjah kwa baiskeli ya milimani katika njia za udongo. Njia hizo bado zinaweza kumfaa hata mtu ambaye hatafuti kikombe chochote.

Unene upi unatosha?

Tazama ubavuni mwa tairi. Utaona nambari kama 26 x 1.95, 27.5 x 2.25 au 29 x 2.2. Ya kwanza ni kimo cha gurudumu kwa inchi na ya pili ni upana wa tairi. Baiskeli ya kawaida ya mizigo, ambayo wengi tunaiita Black Mamba, ina tairi ya takriban inchi moja na nusu.

Kwa njia za magharibi ya Nairobi, tairi ya inchi 2 hadi 2.4 inamtosha mtu wa kawaida. Inameza mawe madogo, inashika udongo uliolowa na bado inakwenda vizuri kwenye lami. Chagua yenye meno ya wastani. Meno makubwa sana huvuma kwenye lami na kukuchosha bure.

Tairi ya inchi 4 ni jambo jingine. Baiskeli yake mara nyingi huwa na uzito wa kilo 14 hadi 18, na kwenye lami inataka nguvu zaidi kuisukuma. Kumbuka pia kwamba wengi wetu tunaishi katika majumba ya ghorofa yasiyo na lifti, na baiskeli ikilala nje huenda asubuhi usiikute. Je, utaweza kuibeba hadi orofa ya nne kila jioni? Aidha, si kila duka lina tairi na tyubu za ukubwa huo, na huwezi kununua tairi hizo ukazifunga kwenye fremu ya kawaida kwa sababu hazitapita.

Presha ya tairi na mwili wako

Wengi hujaza tairi hadi iwe ngumu kama jiwe wakidhani ndivyo inavyofaa. Matokeo yake ni kwamba kila jiwe humrusha mpandaji, na mtikisiko huo hufika mikononi, mabegani na kiunoni. Faida ya tairi pana ni kwamba ina upepo mwingi ndani, hivyo inaweza kuwa laini bila rimu kugonga chini.

Presha hupimwa kwa PSI, yaani ratili kwa kila inchi mraba. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya inchi 2 na robo anaweza kuanza na PSI 30 hadi 40, na kupunguza kidogo siku za matope. Tairi ya inchi 4 hutumia takriban 8 hadi 15 tu. Mwenye mwili mkubwa aongeze kidogo. Usizidi wala kupungukiwa na viwango vilivyoandikwa kwenye tairi yenyewe. Upepo ukiwa mdogo mno, rimu huibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili mara moja.

Kimo, kiti na usukani

Baiskeli ni kama kiatu: huvai saizi ya jirani. Simama ukiwa umetanua miguu juu ya fremu, nyayo zikiwa chini. Kati ya mti wa juu wa fremu na mwili wako pabaki nafasi ya inchi 2 au zaidi. Ikikosekana, siku utakaposimama ghafla kwenye shimo utaumia mahali pabaya.

Kisha keti na uweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukihamisha sehemu ya mbele ya wayo juu ya pedeli, goti litajikunja kidogo, na hicho ndicho kimo sahihi cha kiti. Kiti kikiwa chini mno, maumivu huja mbele ya goti; kikiwa juu mno, huja nyuma ya goti na nyonga huyumba.

Ganzi kwenye kidole cha mwisho na kinachofuata ni dalili kwamba neva ya kiganja inabanwa na usukani. Badilisha jinsi unavyoshika mara kwa mara, inua usukani kidogo na upunguze upepo wa tairi ya mbele. Ganzi katika sehemu za siri, kwa mwanamume au mwanamke, isipuuzwe pia. Kiti kinapaswa kuwa sawasawa, ncha yake isielekee juu, na kiwe na upana unaobeba mifupa ya makalio. Ganzi isipokwisha baada ya marekebisho, muone daktari.

Gia na breki

Katikati mwa jiji ni takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kikuyu ni zaidi ya mita 1,900. Hii ina maana kwamba asubuhi unateremka na jioni, ukiwa umechoka, unapanda. Hakikisha baiskeli ina gia nyepesi: gurudumu la meno la mbele lililo dogo kabisa lisiwe na meno mengi kuliko lile kubwa kabisa la nyuma. Kukanyaga gia nzito mlimani ni kuyaonea magoti.

Breki za mpira zinazobana rimu ni rahisi kutengeneza, lakini zikilowa matope hupoteza nguvu na huila rimu. Breki za diski hushika vizuri zaidi wakati wa mvua. Zile za waya zinaweza kurekebishwa na fundi wa mtaani kwa urahisi kuliko zile za mafuta.

Jihadhari na jambo moja kwenye mitumba. Baiskeli kutoka Uingereza kwa kawaida huwa na breki ya mbele upande wa kulia, ilhali nyingi za kutoka Marekani na nchi nyingine za Ulaya huwa nayo kushoto. Asiyejua anaweza kubana ya mbele kwa nguvu mteremkoni na kurushwa juu ya usukani. Jaribu kwanza ukiwa umesimama.

Vilevile usidanganywe na springi nyingi. Shokabsoba za bei nafuu ni nzito, huanza kulegea mapema, na zile za nyuma humeza nguvu ya miguu kila unapokanyaga. Kwa mwenye fedha kidogo, fremu imara isiyo na springi pamoja na tairi pana ni chaguo bora. Kabla ya kulipa, kagua fremu kwenye viungo vyake uone kama ina ufa, zungusha magurudumu uone kama yanayumba, na tikisa pedeli uone kama mhimili umelegea.

Akiba ya helmeti

Usimalize fedha zote kwenye baiskeli. Tenga za helmeti inayokaa sawasawa, ikifunika paji la uso na mkanda ukiwa umefungwa. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha mabaya ya kichwa kwa zaidi ya nusu. Nunua pia taa ya mbele na ya nyuma, kwa maana Nairobi jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima. Njia zenye upweke, kama zile za msituni, zipite pamoja na wenzako.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ukiendesha dakika 40 kwenda kazini na 40 kurudi, mara tatu kwa wiki, hizo ni dakika 240 bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Anza polepole. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza ingawa huwezi kuimba. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kisukari amuone daktari kwanza, na anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari mfukoni. Ukihisi kifua kubana au kizunguzungu, shuka mara moja na utafute msaada.

Mwisho, usikubali kulipa kabla ya kuijaribu baiskeli. Mwombe muuzaji uizungushe walau dakika kumi, upite penye mawe na upande mlima mdogo. Mwili wako ukilalamika katika dakika hizo kumi, utalalamika zaidi njia nzima ya kurudi Kangemi.