Je, Wajua? Ubongo Kabla ya Kuzaliwa

Je, wajua kwamba ubongo huanza kujengwa kabla mama mwenyewe hajajua ni mjamzito? Kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, utando mwembamba mgongoni mwa kiinitete huwa umeshajikunja ukawa mrija. Ncha ya juu huwa ubongo, sehemu iliyobaki uti wa mgongo. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Wajua kwamba asidi ya foliki huzuia sehemu kubwa ya balaa hilo? Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulihusu wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hiyo: hatari ya kujirudia ilipungua kwa asilimia 72. Lakini wengi wetu huanza kliniki mimba ina miezi minne, mrija umeshafunga zamani. Ndiyo maana Kenya na Tanzania zikaagiza viwanda vitie foliki kwenye unga wa ngano.

Wajua kwamba seli za ubongo huhama? Huzaliwa ndani kabisa, kisha hupanda kuelekea gamba la nje zikifuata nyuzi za seli nyingine. Za mwisho huzipita zilizotangulia. Zikikwama njiani, mtoto anaweza kupata kifafa.

Wajua kwamba kufikia wiki ya 20 ubongo bado hauna mikunjo mingi? Mingi hutokea miezi mitatu ya mwisho.

Wajua habari ya Uholanzi? Majira ya baridi ya 1944–45 Wajerumani walizuia chakula kuingia miji ya magharibi, watu wakafikia kula vitunguu vya maua ya tulipu. Njaa ile ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, na daftari za vizazi zilitunzwa, hivyo watafiti wakaweza kuwafuatilia watoto hadi utu uzima. Mwaka 1996 ikaripotiwa kwamba waliotungwa mimba njaa ilipokolea walipata skizofrenia, maradhi ya akili yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, takriban mara mbili ya wenzao. China, kwa njaa ya 1959–61, matokeo yakafanana. Kijana wa miaka 20 akianza kusikia sauti, mtaani husemwa karogwa. Kumbe huenda sababu mojawapo ina umri mkubwa kuliko yeye! Hata hivyo, wengi wa watoto wale wa njaa hawakuugua, kwa hiyo wenye haraka ya kumlaumu mama watulie.

Wajua kwamba kirusi cha Zika, kilichodumaza vichwa vya watoto tumboni kule Brazili mwaka 2015, kiligunduliwa 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda?

Na wajua kwamba valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, huongeza hatari ya mgongo wazi, usonji na uzito wa kujifunza kwa mtoto aliye tumboni? Dada unayeitumia, usiiache ghafla, maana degedege nalo ni hatari kwenu nyote wawili. Mwone daktari kabla ya kushika mimba.