Hata punda astahili kitafunio

Waswahili tuna methali mbili mashuhuri juu ya punda, na zote mbili zamdhulumu. Ya kwanza yasema kwamba shukurani ya punda ni mateke. Ya pili yasema afe punda, mzigo wa bwana ufike. Ukiziweka pamoja utaona kwamba mnyama huyu atakiwa atoe roho yake kwa ajili ya mzigo wa mtu mwingine, kisha ashtakiwe kuwa hana shukurani. Hakuna methali ninayoijua inayouliza shukurani ya bwana kwa punda ni nini.

Katika makala haya napenda kuzungumza nanyi, wasomaji, juu ya shukurani hiyo katika sura yake ndogo kabisa, yaani kitafunio. Nakusudia kile kipande cha kitu kitamu kilichotengenezwa nyumbani kwa mkono, ambacho mwenye mnyama humpa mnyama wake baada ya kazi. Wengine watacheka. Lakini kitafunio kina kanuni zake, na asiyezijua aweza kumuua mnyama huku akidhani anamfanyia hisani.

FARASI WA BARA, PUNDA WA PWANI

Wenye kufuga farasi wana desturi hii tangu zamani. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, nimepata kumwona saisi akitoka na karoti mfukoni, na farasi akamtambua kwa harufu kabla hajamfikia. Ulaya watu huchanganya shayiri, karoti, tufaha na sukari guru, wakavioka kama biskuti na kuvihifadhi mkebeni.

Pwani yetu haikupata kuwa nchi ya farasi. Sababu haikuwa umaskini wala ujinga wa wazee wetu, bali maradhi. Mbung'o na maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na visubi, yaliwamaliza farasi wengi walioletwa huku. Punda, ambaye ni Mwafrika kwa asili, alistahimili zaidi. Utafiti wa nasaba uliochapishwa mwaka 2022 waonyesha kwamba punda alianza kufugwa katika upande huu wa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo tuzungumzapo juu ya kitafunio cha farasi, huku kwetu mwenye haki ya kwanza ni punda.

Na kila nchi humlisha mnyama kwa riziki yake. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa. Kutoka Kilwa alisafiri kwa jahazi hadi Dhofar, kusini ya Omani ya leo, na huko akaandika jambo lililomstaajabisha: wanyama wa mji ule walilishwa dagaa. Hali kadhalika aliandika kwamba kutoka hapo farasi wazuri walikuwa wakipelekwa Bara Hindi. Watu wa Dhofar hawakungoja shayiri ya nchi za mbali. Walitazama bahari yao. Nasi hatuna haja ya kutafuta tufaha ghali madukani ili tumfurahishe punda. Tuna tende, tuna karoti, tuna pumba, tuna maganda ya tikiti.

NILIYOYASIKIA LAMU

Mjini Lamu vichochoro ni vyembamba mno, gari halipiti. Mawe, mchanga, saruji na magunia ya unga hufika mlangoni kwa mgongo wa punda. Wakati wa Maulidi punda huyohuyo hushindanishwa mbio ufukoni, na vijana humshangilia kama shujaa. Maulidi yakiisha, hurudi kwenye saruji.

Jioni moja huko forodhani nilimkuta mzee mmoja akimvua punda wake matandiko. Alimwekea ndoo ya maji, akangoja anywe. Akamtupia majani makavu, akangoja tena. Hatimaye akatoa tende mbili, akazipasua, akatupa kokwa, akampa katika kiganja.

"Masalkheri, ami," nilimwamkia.

"Masalkheri, mwanangu. Karibu."

"Kila siku wampa tende?"

"Kila siku ya kazi. Lakini kwanza maji, kisha majani, tende mwisho. Ukianza na tende, wamdanganya. Mtu mwenye njaa hapewi halua."

Sijasikia mafundisho ya ufugaji yaliyo mafupi na yaliyo sahihi kuliko hayo.

TUMBO LAKE SI KAMA LETU

Sasa tutazame kwa nini mpangilio ule una maana. Farasi na punda hawatapiki. Kinachoingia hakina njia ya kurudi. Tumbo lao nalo ni dogo: la farasi mzima hubeba kiasi cha lita 8 hadi 15 tu, na la punda ni dogo zaidi, ilhali tumbo la kwanza la ng'ombe hubeba zaidi ya lita 100. Mnyama wa namna hii aliumbwa ale kidogo kidogo kutwa nzima, na chakula chake cha asili ni majani makavu yenye nyuzi nyingi. Nyuzi hizo husagwa na vijidudu vilivyomo katika utumbo mpana.

Ukimjaza wali, ugali, mkate au sukari kwa ghafla, wanga huo hupita tumboni bila kumalizika na kufika kule kwenye utumbo mpana. Huko huchachuka, ukafanya gesi na asidi, na mnyama akashikwa na msokoto wa tumbo. Akinusurika na hilo, aweza kupata uvimbe ndani ya kwato ambao humfanya asiweze kusimama kwa maumivu. Punda yumo hatarini zaidi kuliko farasi, kwani mwili wake ulizoea jangwa na hushiba kwa kidogo. Punda wa kilo 150 huhitaji kilo mbili na ushei tu za majani makavu kwa siku. Sukari nyingi kwake ni mafuta shingoni na ugonjwa kwatoni.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Miaka kadhaa iliyopita mtaani petu palifanywa harusi kubwa, na masufuria yalipobaki na pilau, vijana wakaona ni dhambi kuitupa. Wakampelekea punda wa jirani, mchukuzi wa mchanga. Punda alikula sinia nzima. Kabla ya alfajiri alikuwa akijibwaga chini, akijitazama ubavuni na kutoka jasho. Mganga wa mifugo alipofika, jua lilikuwa limekwisha kupanda, na kazi yake ilikuwa ni kuthibitisha tu. Jirani yule alikuwa na watoto watatu na hakuwa na kazi nyingine ila ile. Walioleta pilau walikuwa na nia njema, na nia njema haikumrudishia punda wake.

MAPISHI YENYEWE

Kwa anayetaka kumtengenezea punda au farasi kitafunio cha salama, haya ndiyo mapishi ninayoyatumia. Chukua vikombe viwili vya pumba za ngano kutoka duka la chakula cha mifugo, kikombe kimoja cha karoti zilizokunwa, tende sita, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya vuguvugu.

Zitoe tende kokwa, na uzihesabu: tende sita, kokwa sita. Kokwa moja ikibaki yaweza kumkaba mnyama. Roweka tende katika nusu kikombe cha maji hadi zilainike, kisha uzivuruge kwa mkono ziwe kama uji mzito. Changanya pumba, karoti na chumvi, umiminie tende, ukande. Mchanganyiko ukishikana unapoufumbata, watosha. Ukivunjika, ongeza maji kidogo kidogo.

Fanya vidonge, uvibonyeze viwe bapa kama vileja, unene wa kidole. Usiviache viduara, kwani kitu kigumu cha mviringo hupita kooni bila kutafunwa. Vipange kwenye sinia, uvioke kwa moto mdogo, makaa juu na makaa chini, uvigeuze mara moja, mpaka vikauke ndani na nje. Kileja kilichoiva huvunjika mkononi bila kupindika. Viache vipoe usiku kucha kabla ya kuvitia mkebeni.

Hali ya hewa yetu ya Pwani ina unyevu, na ukungu ni adui mkubwa wa farasi na punda. Mahindi au mkate ulioota ukungu waweza kumdhuru ini na hata ubongo. Kwa hiyo usiweke vileja hivi zaidi ya siku nne, na vikianza kunuka uvundo vitupe mahali asipoweza kuvifikia.

Asiye na nafasi ya kuoka ana njia nyepesi. Karoti yatosha, ila ikatwe kwa urefu kama vijiti, isikatwe duara kama sarafu. Maganda ya tikiti maji yaliyooshwa hupendwa sana na wanyama hawa, pia maganda ya ndizi. Embe lapendeza, lakini kokwa iondolewe. Punda mzee aliyepoteza meno arowekewe vileja katika maji hadi viwe uji. Na ukiwa na kidonge cha dawa ya minyoo ambacho mnyama hukitema, kifiche ndani ya tende iliyotolewa kokwa. Mara nyingi hatakigundua.

Vya kuepukwa ni vingi kuliko vya kupewa. Parachichi ni sumu kwa wanyama hawa: majani, ganda na kokwa. Chokoleti haifai, wala vitunguu, wala viazi vilivyogeuka kijani. Mbegu za mbarika ni hatari kubwa. Punje chache zaweza kumuua mnyama. Na mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Agosti 2017, lakini iliyokwisha kuzagaa majalalani bado humezwa na punda wanaotafuta maganda, ikawaziba utumbo.

NAMNA YA KUMPA

Kitafunio kina adabu yake. Mpe baada ya kazi, mzigo umekwisha kushushwa, amekunywa na kupumzika. Kiweke juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole vimebana pamoja na gumba limelala, ili meno yasikose shabaha. Watoto wasimpe peke yao, na mnyama mwenye tabia ya kuuma atiliwe katika bakuli. Kileja kimoja au viwili kwa siku vyatosha kwa punda. Farasi mkubwa aweza kupata vitatu au vinne. Ukizidisha, umeacha kushukuru na umeanza kulisha vibaya.

HAKI KABLA YA ZAWADI

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kusema kwamba jambo hili halituhusu. Katika Suratun Nahl farasi, nyumbu na punda wametajwa pamoja miongoni mwa neema tulizopewa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipanda punda aliyeitwa Ufair. Na imepokewa kwamba ngamia mmoja alipomwona Mtume alitokwa na machozi, naye akamtafuta mwenyewe na kumkumbusha amche Mwenyezi Mungu, kwa kuwa alimtia njaa mnyama yule na kumchosha kwa kazi.

Angalieni kwamba lawama ilikuwa juu ya njaa na uchovu. Hayo ndiyo ya kwanza. Tende haifuti kidonda cha matandiko mabovu, wala kileja hakilipi ndoo ya maji iliyosahauliwa. Wale wa shirika la Uingereza la kuhifadhi punda walipofungua zahanati yao Lamu mwaka 1987 na kuanza kuwatibu wanyama bila malipo, waliletewa vidonda na minyoo. Hakuna aliyeleta punda anayelalamikia kukosa utamu.

Wala punda hana usalama hata akiwa mzima. Kuanzia mwaka 2016 machinjio yalifunguliwa nchini ili ngozi zao zipelekwe Uchina kutengenezwa dawa. Ripoti ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilionyesha kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, na wizi wa punda ukaenea. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kukomesha biashara hiyo barani kote. Mnyama aliyetubebea mawe ya nyumba zetu na misikiti yetu alihesabiwa thamani yake akiwa ngozi.

Basi nawashauri wenye punda wafuate mpango wa yule mzee wa forodhani: maji, kisha majani, kisha tende. Atakayeshika mawili ya mwanzo ametimiza haki. Atakayeongeza la tatu ametoa shukurani, na nina hakika atakuta kwamba punda anayeshukuriwa ana mateke machache.